UZI: Nyungunyungu na zebaki kwenye udongo wa marudio – inaingiaje, inapimwaje, na kwa nini hawatusafishii mashamba

#1 – Luseni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kuna ushauri unazunguka kwenye magrupu ya wafugaji wa Mwanza na Geita kwamba ukimwaga nyungunyungu kwenye udongo ulioharibiwa na zebaki watautakasa, kisha ukawalishe kuku. Sentensi moja, makosa mawili. Naomba tuliweke hili vizuri kwa vipimo, maana eneo la kuanzia Sengerema na Misungwi hadi Nyarugusu na Rwamagasa lina mialo (sehemu za kuoshea dhahabu), makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) na marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua) ya kutosha, na chini ya kila mwalo kuna shamba au jaruba la mpunga la mtu.

Naanza na njia. Nyungunyungu huchukua zebaki kwa njia mbili. Ya kwanza ni ngozi. Hana mapafu, anapumulia ngozi yenye ute, na ngozi hiyo inagusana muda wote na maji yaliyo kati ya chembe za udongo. Kilichoyeyuka humo kinaweza kupenya. Ya pili ni utumbo: anameza udongo na majani yaliyooza, anavisaga kwenye firigisi, na vimeng'enya vinalegeza baadhi ya vilivyokuwa vimeshikwa.

Kwa metali nyingine ngozi ndiyo mlango mkubwa. Yalifanyika majaribio ya kuziba midomo ya minyoo kwa gundi ya kitabibu, wakapimwa kadimi, shaba, risasi na zinki, na waliozibwa midomo walichukua karibu sawa na wenzao. Msihamishe matokeo hayo moja kwa moja kwenye zebaki. Zebaki inashikwa na mboji kwa nguvu kiasi kwamba maji ya udongo mara nyingi hubaki na nanogramu tu kwa lita, hata pale udongo wenyewe una miligramu kadhaa kwa kilo. Kwa udongo wenye mboji, mimi naipa chakula uzito mkubwa zaidi kuliko ngozi. Kwenye kichanga kitupu cha marudio hesabu inaweza kugeuka.

Karibuni.

#2 – Binti wa Igogo

Mkuu Luseni, swali. Zebaki ninayoijua ni ile ya majimaji inayong'aa, inayoviringika kwenye karai. Mnyoo anaimeza vile vile?

#3 – Ngosha wa Maabara

Binti wa Igogo, umegusa penyewe. Ukipewa namba moja ya "zebaki kwenye udongo" bila kuambiwa iko katika hali gani, hujaambiwa kitu.

Kwenye marudio mabichi sehemu kubwa ni zebaki halisi, vitone vidogo vilivyosagika ambavyo havikushika dhahabu. Mnyoo akimeza kitone, kikipita kinatoka na choo chake. Kinafyonzwa kidogo sana. Shida inaanza kitone kikioksidika polepole na kuwa ioni. Ioni hiyo inakamata salfa iliyo kwenye mboji, au oksidi za chuma ambazo udongo wetu mwekundu unazo tele. Hii ndiyo utumbo wa mnyoo unaweza kuilegeza.

Hali ya tatu ni salfidi ya zebaki, ngumu kuyeyuka, karibu haichukuliki. Ya nne ni zebaki ya methili, inayotengenezwa na bakteria kwenye udongo usio na hewa. Kwa kawaida haifiki hata asilimia 1 ya zebaki yote kwenye udongo, lakini ndiyo inayoingia mwilini kirahisi kuliko zote na kutoka kwa shida kuliko zote.

Kuna na ya tano ambayo huku kwetu ni muhimu na watu wanaisahau. Marudio yenye zebaki yakipelekwa kwenye matangi ya sianidi kuchenjuliwa mara ya pili, sianidi inashikana na zebaki na kuifanya iyeyuke kwenye maji. Iliyokuwa imetulia inaanza kutembea. Mvua ya masika ikipiga lile lundo lililotoka kwenye tangi, maji yanayoteremka mbugani (bondeni kwenye udongo mweusi) si sawa na maji ya lundo ambalo halijaguswa na sianidi. Ndiyo maana mashamba mawili yenye kipimo kilekile cha zebaki yanaweza kutoa nyungunyungu wenye viwango tofauti kabisa.

Na moshi usisahaulike. Donge la dhahabu na zebaki, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na likichomwa wazi sehemu ya mvuke inatua jirani kwenye majani na udongo wa juu. Minyoo wanaoishi kwenye takataka za juu na samadi wanakutana na hiyo kabla ya ile ya marudio.

#4 – Kwarara

Naongezea kinachotokea ikishaingia.

Kuzunguka utumbo wa nyungunyungu kuna tishu ya rangi ya manjano-kahawia inayofanya kazi nyingi za ini. Humo ndimo metali nyingi zinapowekwa. Mnyoo hutengeneza protini ndogo zenye salfa nyingi, metalothioneini, zinazoikumbatia ioni ya zebaki isizurure na kuharibu vimeng'enya. Kwa hiyo anaweza kuonekana mnene, anachimba vizuri, na amebeba mzigo. Afya ya mnyoo si ushahidi wa usafi wa udongo.

Zebaki ya methili haifungiki kirahisi namna hiyo. Inasambaa hadi kwenye misuli na neva. Kutoka kwake ni polepole: ukimhamishia mnyoo kwenye udongo safi, siku za mwanzo kipimo kinashuka haraka kwa sababu utumbo unajisafisha, halafu kinashuka kwa kujivuta. Anayepima siku mbili tu baada ya kuhamisha anatangaza kwamba "zebaki imetoka" wakati kilichotoka ni kinyesi.

Kiwango cha kuchukua tunakieleza kwa uwiano: zebaki kwa kilo ya mnyoo mkavu, gawanya kwa zebaki kwa kilo ya udongo mkavu. Kwa zebaki yote kwa ujumla uwiano mara nyingi uko chini ya 1 kwenye udongo ulioharibiwa sana, na unaweza kupita 1 kwenye udongo wenye kidogo. Kwa zebaki ya methili peke yake uwiano unapanda hadi makumi, na hata mamia. Uwiano pia unashuka kadiri udongo unavyozidi kuchafuka, kwa hiyo ole wako uchukue uwiano wa shamba la pembeni ukauzidishe kwa zebaki ya mwaloni. Utapata mnyoo ambaye hayupo duniani.

#5 – Mzee wa Majaruba

Hiyo ya methili ndiyo inayotuhusu sisi wa mpunga. Je, jaruba likijaa maji inazidi?

#6 – Ngosha wa Maabara

Mzee wangu shikamoo. Ndiyo, jaruba ni mahali pake hasa. Maji yakisimama, hewa inaisha kwenye udongo ndani ya siku chache, na bakteria wanaotumia salfeti na chuma badala ya oksijeni wanashika usukani. Baadhi yao wana jozi ya jeni, hgcA na hgcB, zilizotambuliwa mwaka 2013, na ndizo zinazofanya kazi ya kubandika methili kwenye zebaki. Mabua yaliyoachwa yanawapa chakula.

Sasa nyungunyungu hawapendi udongo uliozama muda mrefu. Wanahamia kwenye matuta ya jaruba. Maji yakikauka wanarudi kula mabaki yaliyooza, yaani wanakuja mezani baada ya bakteria kumaliza kupika. Sampuli ya jaruba ichukuliwe mara mbili basi: tuta wakati wa maji, na sakafu ya jaruba baada ya kukauka kabla udongo wa mbuga haujapasuka.

Halafu tumbo la mnyoo lenyewe halina oksijeni ingawa anaishi kwenye udongo wenye hewa. Upo ushahidi kwamba humo nako methili inaweza kutengenezwa. Ni kiasi gani inachangia ukilinganisha na anachomeza, kunategemea udongo na aina ya mnyoo, kwa hiyo msikimbilie kumwita mnyoo kiwanda.

#7 – Chap Chap Mwanza

Wakuu mnazunguka sana. Kama anachukua basi anasafisha. Unaweka, unavuna, unaweka wengine. Mbona rahisi?

#8 – Luseni

Mkuu Chap Chap, twende na kalamu.

Hekta 1, udongo wa juu sentimita 20, ni mita za ujazo 2,000. Kwa uzito wa tani 1.3 kwa mita ya ujazo unapata tani 2,600. Weka zebaki miligramu 5 kwa kilo, ambayo ni gramu 5 kwa tani. Jumla: gramu 13,000, yaani kilo 13 za zebaki kwenye hekta moja.

Sasa minyoo. Nakupa shamba zuri mno, gramu 100 za minyoo hai kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni kilo 1,000 kwa hekta. Maji ni zaidi ya asilimia 80 ya mwili. Chukua asilimia 15 iwe kavu, unabaki na kilo 150. Uwiano tuweke 1, nao wawe na miligramu 5 kwa kilo kavu. Zidisha: miligramu 750. Robo tatu ya gramu.

Umevuna kila mnyoo wa hekta nzima, hukubakiza hata mmoja, umetoa gramu 0.75 kati ya 13,000. Unahitaji mavuno zaidi ya 17,000. Ukivuna mara 4 kwa mwaka ni zaidi ya miaka 4,300. Ukitaka nikupe uwiano wa 10 badala ya 1, bado ni miaka zaidi ya 430, na kila mvuno ni tani moja ya minyoo yenye sumu ambayo hujui utaipeleka wapi.

Kinachofanyika kweli ni kuokota zebaki kidogo iliyotawanyika kwenye udongo na kuiweka kwenye kipande cha nyama ambacho kuku, kambale na ndege aitwaye kwarara wanakitafuta. Udongo haujahisi kitu. Aliyekula ndiye atakayehisi.

#9 – Chap Chap Mwanza

Hesabu imenyooka. Nakubali kwa shamba. Lakini kupima je? Nikiwapeleka maabara watanipa jibu la udongo wangu?

#10 – Kwarara

Hapo ndipo nyungunyungu anapofaa. Maabara ikipima udongo inakupa zebaki iliyopo. Mnyoo anakupa ile inayochukulika. Ila sampuli ikiharibika hakuna mashine itakayoiokoa, kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Msimu kwanza. Chimba wakati wa vuli au masika, wiki mbili tatu baada ya mvua kushika. Kuanzia Juni hadi Septemba minyoo wengi wanashuka chini au wanajikunja kwenye vichumba vya ute wakingoja unyevu. Ukichimba Agosti ukakosa mnyoo usiandike kwamba zebaki imewamaliza. Vilevile kwenye lundo la marudio lenyewe usishangae kukosa: ni mchanga uliosagwa, hauna mboji, umeshikana, na pengine una sianidi. Sababu za mnyoo kukimbia ziko nyingi kabla hujafika kwenye zebaki.

Chimba mraba wa sentimita 25 kwa 25, kina 30. Toa udongo wote uweke kwenye turubai, pekua kwa mkono. Miraba 5 kwa uchache kila eneo, na eneo moja lazima liwe la kulinganisha: udongo wa aina ileile, upande wa juu wa mteremko, mbali na mahali pa kuchomea. Usilinganishe luseni (udongo wa kichanga) ya mlimani na mbuga ya bondeni ukasema tofauti ni zebaki. Kuna wanaomwagia maji ya haradali ili minyoo watoke wenyewe. Kwa wachimba mashimo marefu inasaidia, kwa wanaokula udongo inakosa wengi. Formalini sahau.

Watenganishe kwa namna wanavyoishi, hata kama hujui majina ya kisayansi. Wa kwenye samadi na majani wawe peke yao (*Eudrilus eugeniae* anaangukia hapa, na ndiye wengi wanamfuga), na wanaokula udongo, waliopauka, peke yao. Ukiwachanganya unapata wastani usiomhusu yeyote. Wadogo nao wasichanganywe na waliokomaa wenye ule mkanda.

Osha kwa maji yaliyochemshwa na kuchujwa, kausha kwa karatasi laini, hesabu, pima uzito.

Kisha, kufunga kula. Wanaoruka hatua hii ndio wanaotupa namba za ajabu. Waweke kwenye sahani ya kioo yenye karatasi ya chujio iliyolowa, gizani, saa 24, na wanaokula udongo saa 48. Badilisha karatasi kila baada ya saa 12, maana wanarudia kula kinyesi chao. Tuseme udongo una miligramu 20 kwa kilo, na nyama ya mnyoo ina 4. Kama asilimia 40 ya uzito wake mkavu ni udongo wa tumboni, mashine itasoma 0.6 × 4 + 0.4 × 20, yaani 10.4. Umeongeza zaidi ya mara mbili na nusu bila mnyoo kufanya kosa lolote. Hata baada ya kufunga chembe hubaki. Maabara yenye uwezo ipime pia titani kwenye mnyoo na kwenye udongo, kwa sababu mnyoo hachukui titani mwilini, na itakayoonekana ni ya udongo uliobaki tumboni. Unakata hesabu.

Wagandishe kwenye friza mara moja.

#11 – Ngosha wa Maabara

Kwarara kamaliza upande wa shamba, niseme upande wa maabara, na makosa ninayoyaona kwenye sampuli zinazoletwa.

Kosa la kwanza ni kuanika juani au kuweka kwenye oveni ya nyuzi 105. Zebaki inaruka. Udongo wenye vitone vya zebaki halisi unaipoteza hata kwenye joto la chini ya hapo. Gandisha na kukausha kwa ombwe kama kifaa kipo. Hakipo? Pima sampuli ikiwa mbichi, na chukua kipande kingine cha sampuli hiyohiyo ukikaushe nyuzi 105 kwa ajili ya kujua unyevu tu. Kile kilichokaushwa kitupe. Na tafadhali asiwepo mtu wa kukaangia udongo wa mwalo kwenye jiko la mkaa ndani ya nyumba ili "kuharakisha". Huo mvuke hauna harufu wala rangi.

La pili, mifuko ya nailoni. Mvuke wa zebaki unapita kwenye plastiki laini. Sampuli chafu inaichafua safi zikiwa kwenye boksi moja. Tumia chupa za kioo zenye kifuniko kinachobana, zilizolowekwa kwenye asidi ya nitriki asilimia 10 na kusuuzwa. Sampuli za eneo safi zisafiri boksi lao.

La tatu, kijiko kimoja cha udongo. Zebaki halisi haijasambaa sawasawa. Kijiko hiki kina kitone, cha pili hakina, majibu yanapishana mara kumi. Chukua vipande 15 hadi 20 kutoka eneo moja, changanya kwenye beseni la kioo au chuma kisichoshika kutu, gawanya mara nne mara nne hadi ubaki na nusu kilo. Maabara ipime sehemu 3 tofauti za hiyo. Zikitofautiana sana tatizo ni kitone, usiwalaumu wapimaji.

La nne ni zile bunduki za kupimia madini za mkononi. Kwa udongo wa mwaloni zinakupa mwanga, kwa sababu zinaona kuanzia miligramu kadhaa kwa kilo. Kwa mnyoo hazifai. Tena kwenye udongo wenye dhahabu na aseniki mistari yao iko jirani na ya zebaki na inachanganya usomaji.

Mashine sahihi ni ya mvuke baridi: sampuli inayeyushwa kwa asidi, kloridi ya bati inageuza zebaki kuwa mvuke, mvuke unapimwa kwa mwanga wa nanomita 253.7. Au ile inayochoma sampuli moja kwa moja na kuinasa zebaki kwenye dhahabu kabla ya kuipima. Hiyo inatosheka na miligramu 50 hadi 100, kwa hiyo unaweza kupima mnyoo mmoja mmoja. Ulizeni swali moja kabla ya kulipa: mnapima na sampuli rejea iliyothibitishwa ya nyama au samaki kwenye mkupuo uleule? Wakibabaika, ondoka. Zebaki ya methili ni kipimo tofauti na ni ghali. Omba kwa sampuli chache ulizochagua, si zote.

Ah, na pete za dhahabu zivuliwe kabla ya kushika marudio. Zinageuka nyeupe, halafu kesi nyumbani.

#12 – Mama Vizimba

Nimefuata mwanzo mwisho. Mimi swali langu ni chakula. Watu wanakausha nyungunyungu kuchanganya na dagaa kwa ajili ya kuku na sato wa vizimba. Kiwango cha kuogopa ni kipi?

#13 – Kwarara

Mama, Umoja wa Ulaya wanatumia miligramu 0.1 kwa kilo kwa malighafi nyingi za chakula cha mifugo, na 0.5 kwa zile zitokanazo na samaki, zikihesabiwa zikiwa na unyevu wa asilimia 12. Ukitaka namba ya kushikilia, shika 0.1.

Sasa linganisha. Mnyoo mwenye miligramu 2 kwa kilo kavu, ambaye kwa eneo la karibu na karasha si ajabu, akiwa unga wa unyevu wa asilimia 12 ana 1.76. Hiyo ni zaidi ya mara 17. Hata ukimchanganya asilimia 5 tu kwenye chakula, yeye peke yake anachangia 0.088, na bado hujaweka dagaa wala pumba.

Kukausha hakumpunguzii sumu, kunaikusanya: maji yanaondoka, zebaki iliyofungwa kwenye protini inabaki. Kuchemsha ni hivyohivyo.

Kwa kuku, ile ya methili inaenda kwenye yai, na sehemu kubwa inakaa kwenye ute mweupe. Kwa sato wa kizimba inaenda kwenye minofu, ambayo ndiyo inayouzwa.

#14 – Mama Vizimba

Kwa hiyo nisifuge kabisa?

#15 – Luseni

Fuga, Mama. Tatizo ni malighafi. Kitanda cha minyoo kijengwe kwa samadi ya ng'ombe na majani kutoka mahali unapopajua, juu ya sakafu ya saruji au turubai, si juu ya ardhi ya eneo la makarasha ambako minyoo wa porini wataingia na wako watashuka. Mchanga wa kujengea usiwe marudio. Kuna watu wanauziwa marudio kama mchanga wa ujenzi na hawaulizi umetoka wapi. Maji yasitoke kwenye mabwawa ya kuchekechea. Samadi ya ng'ombe waliolala jirani na mahali pa kuchomea iache. Udongo wa kawaida usioguswa huwa na zebaki chini ya miligramu 0.1 kwa kilo. Pima samadi mara moja na minyoo mara moja kwa mwaka, wakiwa wamefunga kula kama Kwarara alivyoeleza.

Mbolea yao nayo ina hesabu yake. Samadi ikiliwa inapungua uzito, zebaki iliyokuwemo haipungui kwa kiwango hicho. Ulichoanza nacho kikiwa 0.2, unaweza kumaliza na 0.3 au 0.4 bila kuongeza kitu chochote.

#16 – Mvuvi wa Kirumba

Na chambo? Tunachimba nyungunyungu popote, kambale na sato wa ndoana.

#17 – Ngosha wa Maabara

Chambo ni kidogo mno kumdhuru mlaji. Mnyoo mmoja wa gramu 1, akiwa na miligramu 0.3 kwa kilo akiwa hai, anabeba mikrogramu 0.3. Na samaki uliyemvua kwa ndoana hakupata muda wa kuifyonza. Kinachomjaza samaki zebaki ni alichokula maisha yake yote. Ndiyo maana sangara mkubwa anayekula samaki wenzake ana zaidi kuliko sato mwenye umri uleule, ingawa vipimo vingi vya samaki wa Ziwa Victoria vimekuwa chini ya ile 0.5 kwa kilo inayotumika sokoni.

Tahadhari iko kwenye mikono. Ukichimba chambo kwenye udongo wa mwalo, nawa kabla ya kula, na usiwabebe kwenye kopo unalonywea uji.

#18 – Mwalimu wa Sayansi, Magu

Nataka jaribio la wanafunzi wa kidato cha 5. Naweza kumwaga kloridi ya zebaki kwenye udongo tukapima?

#19 – Kwarara

Mwalimu, usimwage. Chumvi hiyo ni sumu kali, na zebaki iliyomwagwa leo inachukulika kirahisi kuliko iliyokaa udongoni miaka, kwa hiyo hata jibu halitafanana na shamba. Zana unayohitaji ni udongo wa aina mbili na uvumilivu.

Kipimo cha kimataifa, OECD 317 cha mwaka 2010, kinaenda siku 21 za kuchukua na siku 21 za kutoa. Shule inaweza kufuata umbo hilo bila sumu mpya: fanyeni kuona minyoo wanakwepa au hawakwepi. Beseni lenye kizuizi katikati, upande mmoja udongo safi wa bustani, upande wa pili udongo wa aina ileile uliochanganywa na chumvi ya mezani kidogo. Minyoo 10 wawekwe kwenye mstari wa kati, kizuizi kiondolewe, mhesabu baada ya saa 48. Rudieni mabeseni 5. Unyevu uwe sawa pande zote. Ukikosea unyevu minyoo watafuata maji na si kingine. Wanajifunza kanuni bila mtoto kushika zebaki.

Kwa wa chuo wanaofanya la kweli na udongo wa shambani: chakula wakichanganye ndani ya udongo, wasikiweke juu. Kikiwa juu minyoo wanakaa hukohuko kwenye samadi safi siku zote 21 na kipimo kinatoka kidogo kwa uongo. Joto la chumba cha Mwanza linatosha kwa *Eudrilus*. Kwa *Eisenia fetida* kipimo kinataka nyuzi 20, tafuteni chumba chenye kiyoyozi.

#20 – Chap Chap Mwanza

Swali la mwisho wakuu. Nimeshawaweka nyungunyungu kilo kadhaa kwenye udongo wa karibu na karasha, kabla ya uzi huu. Niwafanyeje?

#21 – Luseni

Waache hapohapo, usiwahamishie bustanini. Zungushia wavu kuku wasiingie, na mfereji wa kukinga maji upande wa juu. Usiuze, usigawe. Ukitaka kujua hali, chukua 20, wafungishe kula, wagandishe, halafu wasiliana na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Ziwa hapa Mwanza uulize utaratibu wao wa kupokea sampuli za zebaki na bei. Nenda na udongo wa palepale kwenye chupa ya kioo, nusu kilo, uliochanganywa kama Ngosha alivyosema. Bila udongo, namba ya mnyoo peke yake haina cha kugawia.